Mwaka Nisiouvua

Niseme mapema, asije mtu akajidai kunifahamisha: katika safu yote ya meza za waandika barua zilizopangwa mbele ya Jumba la Sheria, hakuna anayeniweza. Hakuna. Nimewaandikia malalamiko watu walioibiwa mipaka, wajane walionyang'anywa vitanda, na bwana mmoja aliyeshtakiwa kwa kuota ndoto ya jirani yake, na barua zangu zote zilisomwa mpaka mwisho. Kusomwa mpaka mwisho si jambo dogo katika mji huu. Mji wenyewe hauna jina, maana kesi ya jina lake ingali mahakamani tangu enzi za babu zetu, na sisi wakazi tunaambiwa tusubiri. Mimi jina ninalo. Naitwa Sikudhani binti Mkwaya, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mimi ya watu wengine.

Kazi yetu ndiyo hiyo. Mtu anakuja, anaketi kwenye kigoda, analia, anapenga kamasi, anamwaga mambo yake shaghalabaghala, na wewe unayapanga: Mimi niliyetajwa hapo juu, kwa heshima na taadhima, naomba. Ukishaandika mimi, umekuwa yeye. Asubuhi nakuwa mzee aliyepotelewa na mbuzi, saa nne nakuwa mke wa tatu, adhuhuri nakuwa askari aliyefukuzwa kazi. Jioni nabandika sufuria jikoni na kujiuliza, haya, huyu anayepika sasa ni nani? Na likija swali hilo huja na mwenzake: ni nani aliyeamua kwamba upande huu wa ukuta watu waseme naomba, na upande ule waseme imekataliwa? Ukuta wa Jumba nimeupima, unene wake ni shibiri tatu tu. Walio ndani wanakula maharage kama sisi, nawasikia wakicheua. Basi shibiri tatu zile zimebeba nini? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye mtihani wa kuingia Chuo cha Sheria, na asiniambie mtu kwamba nilifuata joho.

Mtihani niliufanya mwaka jana. Anayetaka kuingia Chuo sharti apate alama sabini. Mimi nilipata sitini na tisa.

Nilikwenda kwa msajili, Bi Gaudensia, mama mwembamba aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu, nikataka kuona karatasi yangu kwa macho yangu. Akanifunulia. Majibu yote kumi yalikuwa na alama ya vema, mengine vema mbili. Lakini juu, mahali pa jina, mkono wangu wenyewe ulikuwa umechora mstari wa nukta, na chini ya mstari ule umeandika: *dole gumba la mlalamikaji hapa.* Mnaelewa? Mwandika barua haandiki jina lake. Huacha nafasi, mwenye shida aje aweke dole lake. Miaka kumi mkono ulifanya hivyo, na siku ya kujiandikia mwenyewe ukafanya vilevile bila kuniuliza. Jina lilikuwa na alama moja. Nilicheka pale mezani mpaka machozi yakanitoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Hata hivyo sitini na tisa si takataka. Aliyevuka sitini hupewa kibali cha kuhamishia meza yake barazani, kivulini, na mwaka mzima nimeandika bila jua kunichoma utosini. Nimekinenepea kivuli kile, sitaki kusema uongo.

Sasa kuna hili la kurudia. Katika mji huu anayerudia mtihani huvuliwa mwaka. Unakwenda mezani kwa Bi Gaudensia, unainamisha kichwa, naye anaushika mwaka wako nyuma ya sikio na kuuvuta kama uzi wa pindo lililofumuka. Anauviringisha kwenye kijiti, kijiti anakiweka rafuni. Unasahau yote yaliyotokea tangu mtihani uliopita, na mwili unarudi ulivyokuwa siku ile. Alama zako za zamani zinabaki daftarini tu, hazihesabiwi tena. Na kila ulichokitenda kwa mkono wako mwaka huo kinakuwa hakijatendwa. Wengine wanabaki na mwaka wao na wanakukumbuka vizuri. Ni wewe tu uliyetolewa. Wanasema ndiyo haki, ili wote wanaoketi ukumbini waanze sawa.

Na mwaka wangu huu una nini? Una wafinyanzi wa Bondeni. Bwana mmoja mwenye nguvu aliweka uzio kwenye shimo lao la udongo, wanawake wale wakakaa miezi minne bila kufinyanga hata kibakuli. Niliwaandikia barua ya kurasa kumi na moja. Nilikuwa mimi ya wanawake thelathini kwa mpigo, na sikukosea hata koma. Uzio uling'olewa. Nilikwenda kuangalia, nikaona mashimo ya nguzo yamejaa maji ya mvua, na wanawake wamezama kwenye udongo mpaka magotini wakiimba nyimbo zisizofaa kusikiwa na watoto. Siku ile nilijiona mkubwa kuliko Jumba. Sasa nikivuliwa mwaka, barua ile itabaki karatasi tupu kwenye jalada, na uamuzi uliosimama juu ya karatasi tupu huanguka wenyewe, na uzio utarudi.

Nirudie. Nisirudie. Sabini nazijua zilipo, ni kuandika jina tu, kitu gani? Nirudie. Na Bondeni je? Nisirudie. Lakini niseme naomba mpaka nife? Mimi? Nirudie. Kwani Chuo chenyewe nakitaka? Kuna siku nakitaka mpaka tumbo linaniuma, kuna siku nikiwaona wanafunzi wake wakipita na vitabu kwapani nawahurumia. Mtu anaweza kutamani kitu asichokipenda? Anaweza, mimi hapa ushahidi.

"Dada Sikudhani, unarudia au hurudii?" akauliza Shaweji. Huyu ni jirani yangu wa meza, bado yuko juani, na wivu wake hauna adabu. "Wiki ya tatu sasa unazungumza peke yako. Wateja wangu wanadhani una mashetani."

"Wateja wako wawili?"

"Haya, tukana. Daftari linafungwa leo kengele ya mtihani ikilia. Ukienda, hicho kivuli unamwachia nani?"

"Yeyote asiyekuwa wewe."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini niliinuka. Sikuwa nimeamua, naapa. Miguu iliinuka na mimi nikawa juu yake. Saa ya Jumba ina mishale mitatu, na hakuna aliyewahi kujua ule wa tatu unaonyesha nini. Asubuhi ile mishale yote mitatu ilikuwa imelala pamoja.

Kwenye foleni mbele yangu walisimama kijana wa miaka kama ishirini na mitatu, mwenye kasharubu kembamba, na mama mwenye mvi tupu aliyemshikia bakuli la uji. Kijana akageuka.

"Shikamoo, dada," akaniambia.

"Baba!" mama yule akamkemea. "Mara ngapi? Wewe ndiye mkubwa. Mngoje yeye akuamkie."

Nikabaki mdomo wazi, sijui nimpe shikamoo mtoto mdogo au nipokee ya mzee. Mwishowe nikaitoa, nikainamisha na kichwa, naye akajibu marahaba kwa aibu.

"Usishangae," akasema yule mama. "Mimi naitwa Foibe, na huyu ni baba yangu mzazi, Theofili. Alianza kurudia mtihani nikiwa nanyonya. Leo anaketi mara ya hamsini na nane. Kila mwaka anavuliwa, anatoka mle ndani akiwa kijana yuleyule, ananipita ananiuliza kama nimemwona mke wake na kichanga chake. Inanibidi nijitambulishe upya. Huchukua kama miezi miwili kuniamini." Alisema hayo huku akimfuta baba yake uji kwenye kasharubu. "Mwaka wa harusi yangu alinishika mkono mpaka kwa mume wangu. Mwaka huo uko rafuni pale juu, na kwenye picha ya harusi nimeshikwa na hewa."

Nikamgeukia Theofili kwa hasira ambayo haikuwa haki yangu.

"Hukomi, mzee wangu? Unapata ngapi?"

"Hamsini na nne. Kila mara." Hakukasirika. "Na kosa nalijua, dada. Naanza na swali la mwisho. Kwetu sisi barua ya serikali tunaisoma kuanzia chini, maana ndiko uamuzi uliko. Huko juu ni salamu na majina ya wakubwa. Basi nikipewa karatasi yoyote, naipindua. Na swali la mwisho la mtihani ule ni refu, linakula muda wote. Ningeanza la kwanza ningepita."

"Si ujiandikie mahali!"

"Nimejiandikia kiganjani, ndani ya kofia, kwenye unyayo. Mwaka ukitoka, na wino unatoka nao, maana niliandika mimi. Na Foibe haruhusiwi kuvuka meza. Mle ndani hakuna anayenijua. Wageni hawajawahi kuniona, na wanaorudia wamevuliwa kama mimi."

"Sasa kwa nini unaingia?"

Akainua kifua, na hapo nilimwona mzee wa miaka themanini aliyejificha nyuma ya uso ule laini. "Kwa sababu yule kijana anayeingia hajui kwamba alishindwa. Anaingia ananukia sabuni, ana mke, ana mtoto, ana uhakika. Mimi ni nani nimzuie mlangoni?"

Nilimnyooshea kola ya shati, mimi Sikudhani, na nisingependa jambo hilo lisambae.

Zamu yake ikafika. Akambusu Foibe kwenye paji la uso, akainamisha kichwa, Bi Gaudensia akavuta. Niliuona mwaka ukitoka nyuma ya sikio, mwembamba, una rangi ya chai. Ulipokwisha, kijana akainua uso, akamtazama Foibe kama unavyomtazama mtu mliyepanda naye lifti, akapita mlangoni kuingia ukumbini, kifua mbele. Foibe alibaki ameshika bakuli kwa mikono miwili.

Nikasogea. Daftari lilikuwa wazi, nikalisoma kichwa chini miguu juu, ujuzi wa miaka kumi na mmoja huo. Wanaorudia walikuwa wengi, safu kwa safu, na mbele ya kila jina alama za kila mwaka. Arobaini na moja, arobaini na moja, arobaini na moja. Sitini na sita, sitini na sita. Hamsini na nne mara hamsini na saba.

"Bi Gaudensia, shikamoo. Mbona alama ni zilezile?"

"Marahaba. Ulitaka ziwe nyingine?" Akarekebisha kamba ya miwani. "Anakuja mtu yuleyule."

Alilisema kama mtu anayekutajia siku ya leo, akaunyoosha mkono kuelekea nyuma ya sikio langu. Na hapo ndipo nilipoona kitu chote mara moja. Kosa langu nimelijua mwaka huu. Nikiuvua, nimevua na kulijua huko. Nitaingia mle ndani na mkono wangu mwaminifu, nitajibu yote kumi, nitachora nukta zangu, nitaandika dole gumba la mlalamikaji hapa. Sitini na tisa. Uzio utakuwa umerudi Bondeni, na mimi nitatoka nikiuliza wanawake wale wanalia nini. Ndicho kilichobebwa na zile shibiri tatu za ukuta. Ndani wana kumbukumbu zote rafuni, na sisi wa nje tunakuja kila mwaka wapya, tumeoga, tukisema naomba.

Nikaudaka mkono wake hewani, kwa heshima.

"Kifungu cha tisa cha Kanuni za Mtihani," nikasema.

"Kipi?"

"Kinasema hivi: *Mwombaji asiyevua mwaka aweza kuketi, ila karatasi yake itahesabiwa sifuri tangu mlangoni.* Nimekinakili mara nyingi kuliko nilivyokula pilau."

"Kifungu hicho hakijawahi kutumika, binti."

"Basi kilikuwa kinaningoja mimi."

Akaurudisha mkono mezani. "Utapoteza sitini na tisa zako. Utapoteza kivuli. Na ukijibu yote sawasawa bado ni sifuri. Unataka nini hasa?"

"Nataka kuketi nikiwa mimi," nikamwambia, kwa kiburi lakini na kwa woga pia. "Sabini zangu nataka kuziona, hata kama hakuna mwingine atakayezihesabu. Na mwaka wangu nabaki nao."

Aliandika sifuri mbele ya jina langu. Mstari mzima wa daftari alitumia, sifuri kubwa, kisha akanionyesha mlango kwa kidevu.

Ukumbi ule ni mrefu hivi kwamba walioketi mbele na walioketi nyuma hawako katika msimu mmoja. Mbele watu walivaa masweta, nyuma walijipepea kwa vitambulisho. Nilipata dawati katikati, na kwenye dawati la mkono wangu wa kulia, Mungu ana yake, alikuwa ameketi Theofili, amechonga penseli mbili, ananukia sabuni kweli.

Karatasi zikagawiwa. Nikaandika jina. Sikudhani binti Mkwaya. Niliandika taratibu, kwa herufi zile ninazoziweka kwa wateja wanaolipa vizuri, na nilipomaliza niliitazama kazi yangu nikaona haya kidogo, kwa namna ilivyokuwa nzuri. Kisha swali la kwanza: *Mtu amejenga uzio. Je, uzio ni wa aliyejenga au wa aliyezuiwa?* Jamani! Mwaka jana nilijibu hilo kwa vifungu. Safari hii niliandika mashimo ya nguzo yaliyojaa maji, niliandika udongo magotini, niliandika kwamba uzio ni wa yule anayejua umesimama wapi hata gizani, na huyo siku zote ni aliyezuiwa. Kalamu ilikuwa inaniburuta. La pili nikalimaliza, la tatu, la nne. Sijawahi kuandika vile, na nimeandika maisha yangu yote.

Jicho likakimbilia pembeni. Theofili ameipokea karatasi yake kwa mikono miwili, ametulia, ameomba dua fupi. Akalowesha kidole ulimini. Akaipindua.

Nilijua nilichokuwa nacho. Nilikuwa na maswali sita yaliyobaki, na ndani ya maswali yale kulikuwa na sabini zangu, nazihisi kabisa, karibu kuliko pua. Anayezungumza ndani ya mtihani hutolewa hapo hapo na karatasi yake huchanwa. Nikimaliza kwanza kisha nikasema, atakuwa ameshazama kwenye swali refu. Nyamaza, Sikudhani. Si baba yako. Umekuja kuwa wewe kwa mara ya kwanza maishani, angalau leo acha kuwa mtu mwingine. Nyamaza. Nilitia nukta kwenye jibu la nne, nikaweka kalamu chini.

"Bwana Theofili," nikasema, kwa sauti ya kawaida ya barazani, "anza na la kwanza."

Vichwa mia mbili vikainuka. Kijana akanitazama kwa mshangao.

"Dada, wewe ni nani? Umelijuaje jina langu?"

"Mimi ni mtu aliyekuja na mwaka wake. Swali la mwisho linakula muda wote. Anza na la kwanza, uende kwa mpangilio, hilo la mwisho ulifikie likiwa limechoka."

Bi Gaudensia, ndiye pia msimamizi wa ukumbi, alikwisha kusimama mbele yangu. "Unazungumza ndani ya mtihani?"

"Naam."

"Adhabu yake unaijua?"

"Nimewaandikia watu barua za kuomba ipunguzwe. Naijua na koma zake."

Akaichukua karatasi yangu aichane. Nilimwona macho yakiangukia mstari wa kwanza, kisha wa pili. Akaendelea kusoma, midomo inacheza. Alisoma yote manne akiwa wima, kisha akavua miwani akaipangusa kwa upindo wa gauni. Ndipo akaichana, mara mbili, kama kanuni inavyotaka, na vipande akavitia mfukoni mwake badala ya kapuni.

Nikaenda zangu, nikitembea katikati ya madawati, taratibu, sikukimbia. Mlangoni nikageuka. Theofili alikuwa bado ameishika karatasi, ananifuata kwa macho. Akaitazama. Akaipindua upande wa juu, akaipigapiga ikae sawa, akainama kuandika.

Nje jua lilikuwa kali. Barazani walikuwa wameshaitoa meza yangu, wameiweka kando ya Shaweji, naye amesogeza yake kunipa nafasi bila kusema neno la kejeli. Bado sijui kama Chuo nakitaka, na mwakani nikitaka kuketi nitaketi, na miaka yangu yote miwili kichwani, na nitazungumza tena. Foibe alikuwa amesimama palepale, kwenye ukingo anaporuhusiwa kufika, shingo imemtoka kama anayetaka kuona ndani kupitia ukuta.

"Kaanza na lipi?" akauliza.

"La kwanza."

Akaketi chini, mchangani, mama mzima na mvi zake, akajifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Nilikaa naye, nikampigapiga mgongoni, hata mimi nilikuwa nalia. Baada ya muda mrefu akapenga kamasi, akanishika kidevu kama mama anavyomshika mwanawe aliyetoka shule.

"Na wewe, mwanangu? Wewe umepata ngapi?"

"Sifuri," nikamwambia, na nikainua sauti ili Shaweji na safu nzima ya meza wasikie. "Mimi nimepata sifuri!"